Siku Waliponipiga Wote Wawili

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za asubuhi. Naitwa Tausi. Nashona nguo pale Mwanga, hapa mjini kwetu, nina miaka ishirini na mitano, nina mume na mtoto mmoja. Muuguzi wa kliniki yetu ya presha ameniomba niwaeleze figo zangu ziliharibikaje. Nilimkatalia mara mbili. Mara ya tatu nikamwambia nitasema, ila niseme nimekaa, maana nikisimama muda mrefu miguu hujaa maji. Kwa hiyo nisameheni, sitainuka.

Nimezaliwa Ujiji. Baba yangu ni fundi wa boti za mbao. Mpaka leo anafanya kazi hiyo, ingawa macho yamepungua. Mama yangu alikuwa mchuuzi wa dagaa. Alinunua wabichi mwaloni, pale ufukweni boti za uvuvi zinapofikia, akawaanika, akawauza kwa watu wa Mwandiga na Kasulu. Tulikuwa na nyumba ya bati, tulikula mara mbili kwa siku, na sikukuu ikifika nilipata gauni jipya. Aliyetuona kwa nje aliona watu wanaojiweza.

Ndani ya nyumba hiyo nilipigwa na watu wawili, na hawakupiga sawa.

Baba alipiga bila hasira. Nikikosea leo, alingoja kesho asubuhi. Aliniita kwa jina, akaniambia kosa langu, akasema, "Lala." Nililala kifudifudi kwenye benchi lake la kazi. Alikuwa na kipande cha mpira wa gari alichokikata mwenyewe na kukilainisha kingo, kama alivyolainisha mbao zake. Alipiga makalio na mapaja, akamaliza, akasema, "Nenda shule." Hakunitukana. Hakulitaja kosa hilo tena maisha yake yote. Lakini pia hakuniambia jambo lingine lolote. Siku nzima ingepita, wiki ingepita, baba asiniulize hata nimekula nini. Nilipokuwa wa tatu darasani nilimpelekea karatasi ya matokeo. Aliisoma yote, akanirudishia.

Mama alikuwa kinyume chake. Mama alipiga pale pale, kwa chochote kilichokuwa karibu: mwiko, kandambili, ufagio. Na alipokuwa akipiga alisema. Alisema mimi ni laana, alisema laiti angezaa jiwe. Kisha hasira ikishuka alilia. Alinivuta kifuani, akachemsha maji ya chumvi, akanikanda, akanipaka mawese ya uvuguvugu pale palipovimba. Akanipikia wali. Akanisuka nywele huku akiniimbia. Hakuna mtu aliyewahi kunishika vizuri kama mama alivyonishika baada ya kunipiga.

Mimi mtoto niliweka hesabu yangu kichwani. Niliona baba hanipendi na mama ananipenda. Nilimwogopa baba, nikamhurumia mama. Wakati mwingine, na hili nalisema kwa aibu, nilikuwa natamani mama aanze amalize, ili tufike kwenye kukandwa.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la sita. Jumatatu moja nilichelewa kurudi nyumbani kwa sababu tulikuwa tunafanya mazoezi ya netiboli. Jumanne asubuhi baba aliniita. "Jana ulifika jua limezama. Lala." Nikalala. Siku hiyo alipiga zaidi ya kawaida, sijui kwa nini, na sura yake haikuonyesha kitu. Nilikwenda shule nikakaa kwa upande mmoja wa makalio mpaka kengele ya mwisho.

Mchana mama alinipeleka mwaloni nikalinde dagaa. Alikuwa ameanika wengi kuliko siku zote, juu ya chanja tatu. "Mimi naenda kutafuta magunia," alisema. "Ukiona wingu linapanda kutoka upande wa Kongo, kusanya. Usingoje." Nikamwitikia. Nilikuwa nimechoka na miguu ilikuwa inawaka, nikajilaza kwenye nyavu kuukuu. Nikalala usingizi. Kilichoniamsha ni matone usoni. Nilipofungua macho mvua ilikuwa imeshafika, mvua ile ya ziwani inayokuja kama ukuta, na dagaa wote walikuwa wameporomoka chanjani, wanaelea.

Mama alinikuta nawakusanya kwa mikono. Hakusema neno. Hilo lilinitisha kuliko matusi yake. Alichomoa mti mmoja wa chanja, mti mbichi mnene kama mkono wangu, akaanza. Alinipiga mgongo, mapaja, mikono niliyojikingia, kisha mapaja tena. Nilianguka kwenye mawe madogo ya ufukweni na akaendelea. Watu walikuwa wamejificha mvua, na hata walioona walimwona mama anamrudi mwanawe. Aliacha mti ulipomponyoka. Akakaa chini kwenye matope karibu yangu, akalia kwa sauti, akasema, "Tausi, unanifanya nini? Unanifanya nini, mwanangu?"

Akanibeba mgongoni mpaka nyumbani. Alinikanda kwa maji ya moto hadi yakapoa. Alinipa vidonge viwili vya maumivu vya dukani, na nilipolia akanipa vingine viwili.

Jumatano sikuweza kukunja magoti. Mapaja yalikuwa yamevimba na kukakamaa. Ukiyagusa ulihisi ubao. Mama alinisaidia kwenda chooni. Mkojo ulitoka kidogo, na rangi yake ilikuwa ya chai ya rangi iliyokolea. Mama aliuona. Uso ukamfunguka.

"Umevunja ungo," alisema. "Ni damu ya mwezi hiyo. Umekuwa mwanamke."

Akanipa kitambaa, akanionyesha namna ya kukikunja. Nilifurahi. Wallahi, nilifurahi. Baba alipouliza kwa nini sijaenda shule, nilimsikia mama mlangoni akimjibu, "Mambo ya wanawake." Baba akachukua vyombo vyake vya kazi, akaondoka.

Kitambaa kilibaki kikavu siku nzima.

Alhamisi nilianza kutapika. Hata maji yalirudi. Mkojo sasa ulikuwa vijiko viwili vitatu tu, mweusi. Mdomoni nilikuwa na ladha ya chuma, kama mtu aliyelamba msumari. Mama aliendelea na vidonge. Alikuwa amesitisha biashara, anakaa nami kutwa, ananipepea, ananiita majina ya utotoni. Nilimwambia, "Mama, nipeleke hospitali." Akaniambia, "Kesho, mwanangu. Uvimbe upungue kwanza. Wakikuona hivi watasemaje?"

Ijumaa mkojo ulikatika kabisa. Niliamka uso umejaa, macho yamebaki nyufa mbili. Nilikuwa na kwikwi isiyokoma. Nilihisi mwili wote unawasha, na pumzi yangu ilinuka kama choo. Nilikuwa nasikia watu wakiongea lakini kwa mbali, kama nimezamishwa kichwa majini.

Jirani yetu, Mama Furaha, mmoja wa wale wazee wetu waliovuka kutoka ng'ambo ya ziwa na kulowea Ujiji, alikuja kuazima kinu. Mama alijaribu kumzuia uani. Yeye akaisikia kwikwi, akaingia. Alinifunua kanga, akanifunika tena taratibu.

"Mama Tausi," alisema, "mimi siingii mu mambo ya nyumba yako. Lakini huyu mutoto anakufa."

"Ana malaria," mama akasema.

Mama Furaha hakubishana. Aliacha kinu, akaenda moja kwa moja mpaka mahali baba anapochongea boti.

Baba alifika mchana, unga wa mbao ungali kwenye nyusi. Ilikuwa saa ya swala ya Ijumaa, na baba hakuwahi kuikosa swala hiyo. Alipiga magoti karibu na mkeka, akainua kanga, akaanza kunitazama miguu. Alinitazama kama anavyotazama ubao wenye ufa. Akaweka kidole kwenye alama moja.

"Hizi ni zangu," alisema. Akasogeza kidole. "Hizi si zangu."

Mama akaanza kulia, akamwambia kila kitu: mti, vidonge, mkojo uliokatika. Baba hakumwambia kitu. Alinibeba, akasimamisha bajaji, na mama akatufuata anakimbia amevaa kandambili za miguu tofauti.

Ndani ya bajaji mama aliniegemeza begani kwake. Akaninong'oneza, "Ukiulizwa, ulianguka mwaloni. Kwenye mawe. Sawa mwanangu? Wakijua watanifunga, utabaki na nani?" Nikaitikia kwa kichwa.

Daktari alikuwa kijana, mgeni pale kwetu. Aliniminya paja, akanitazama macho, akauliza mara ya mwisho kukojoa ilikuwa lini. Kisha akauliza, "Nini kimempata?"

"Alianguka," mama akasema. "Kwenye mawe, analinda dagaa. Mvua ilikuwa kubwa."

Daktari akainama karibu na uso wangu. "Tausi, ni kweli ulianguka?"

Nilikuwa nimebakiwa na nguvu kidogo sana, nikazitumia kusema, "Ndiyo. Nilianguka."

Baba alikuwa amesimama mlangoni, kofia yake ya swala mkononi. Akasema, kwa sauti ile ile ya siku zote, "Hakuanguka. Amepigwa. Jumanne asubuhi nilimpiga mimi, kwa mpira. Jioni akampiga mama yake, kwa mti. Tangu siku hiyo anapewa dawa za maumivu na hakojoi."

Daktari akamgeukia.

"Mzee," daktari akasema, "unajua unachokisema?"

"Umeuliza kilichompata."

Mama alimrukia, akamshika shati. "Unataka tufungwe?"

"Nataka atibiwe," baba akasema.

Daktari alishaanza kuita wauguzi. Baadaye nilikuja kuelezwa. Nyama za mwili zikipondwa sana humwaga uchafu kwenye damu. Figo huchuja uchafu huo mpaka zinaziba, kama chujio lililojaa matope. Dawa za maumivu nilizopewa ziliziumiza zaidi. Daktari alimwambia bibi yangu, aliyekuja kuniuguza, kwamba kama wangeamini nimeanguka, wangenipeleka kupigwa picha ya mifupa, wakaiona mizima, wakaniandikia dawa zile zile za maumivu. Nisingefika Jumatatu.

Waliniwekea mpira wa mkojo. Yalitoka matone, rangi ya kahawa. Walinitundikia maji, wakapima damu, wakapima tena. Jumamosi asubuhi wakaamua nipelekwe hospitali kubwa Mwanza, kwenye mashine ya kusafisha damu. Gari la wagonjwa lilipita Mwandiga, likapita Kidahwe, na baada ya hapo sikumbuki chochote ila vumbi na mkono wa muuguzi ukinipiga vikofi vya shavuni, "Tausi, usilale. Tausi, niambie shule yako inaitwaje."

Mwanza walinitoboa shingoni, wakaingiza mpira wenye midomo miwili. Damu yangu ilitoka huku, ikazunguka kwenye mashine, ikarudi kule. Naiona mpaka leo ikipita kwenye mrija. Mara ya kwanza nilitetemeka kwa baridi hadi kitanda kikagonga ukuta. Misuli ya vigimbi ilijikaza nikapiga kelele. Walinisafisha mara nyingi, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Karibu wiki tatu sikukojoa. Muuguzi aliyekuwa akinihudumia alichukua mfuko wa mkojo kila asubuhi akautazama mwangani, na kila asubuhi akaurudisha mtupu. Asubuhi aliyouona una kitu ndani yake alikaa kwenye kitanda changu akacheka, machozi yakamtoka. "Kojoa, mama," alisema. "Kojoa uwezavyo."

Aliyekaa nami Mwanza alikuwa bibi, mama yake mama, aliyeshuka kutoka Kalinzi na kuacha kahawa yake haijachumwa. Wazazi wangu walikuwa wanahojiwa na polisi, dawati la watoto. Mwishowe hawakufungwa; iliamuliwa kwamba mimi nikae kwa bibi, na wao wahudhurie mafunzo ya wazazi kwa afisa ustawi wa jamii kila wiki kwa mwaka mzima.

Kalinzi kuna baridi. Bibi aliniwekea kitanda karibu na jiko. Nilijifunza kutembea upya kwa kushika migomba. Chakula changu hakikuwa na chumvi. Dagaa nilikatazwa, maharage nilipimiwa. Siku moja tunachambua kahawa nilimuuliza, "Bibi, mama amekuwaje vile?"

Alichambua mpaka ungo ukaisha. "Mwana wanje," alisema, "mwanangu, mama yako nilimpiga mimi. Nilimpiga na wala sikulia. Yeye anapiga analia. Nadhani aliona akilia, basi yeye si mimi."

Akaingia ndani akakaa mpaka jioni.

Wazazi wangu walikwenda kwenye mafunzo wote wawili, lakini hayakuwabadilisha sawa. Mama ndiye aliyenisimulia. Walikuwa watu kumi na kitu wamekaa duara, wote waliowaumiza watoto wao, na kila mmoja alimtazama mwenzake akisema moyoni, mimi si kama huyu. Kulikuwa na baba mmoja wa Mwandiga aliyepiga akilewa tu, na asipolewa aliwabeba watoto mabegani. Kulikuwa na mama mwenye watoto watano aliyempiga mmoja peke yake, anayefanana na mume aliyemkimbia. Kulikuwa na mwanamume aliyecheza mpira na wanawe saa kumi na kuwachapa mkanda saa kumi na moja. Mwingine hakupiga mara nyingi, ila akishapiga aliwanyima chakula, na wakilia aliwafungia nje.

"Mimi nilijiona bora kuliko wao wote," mama aliniambia. "Nilisema, mimi namkanda mwanangu. Nani kati yenu anakanda? Afisa akaniuliza, 'Mama Tausi, ulipokuwa unamkanda, ulikuwa unamtibu yeye au unajitibu wewe?' Nikamchukia yule dada wiki tatu. Wiki ya nne nikamjibu."

Mama alibadilika. Sisemi ilikuwa rahisi. Alifundishwa kwamba akihisi joto linapanda kifuani atoke nje, aende mahali, asirudi mpaka lishuke. Alikuja Kalinzi kunitembelea, na siku moja nilivunja chungu cha bibi. Nilimwona anasimama, anatetemeka, kisha anatoka. Alitembea hadi njia panda na kurudi. Alikaa chini mbali nami, akasema, "Tausi, nilikuumiza. Nilitaka ufe na siri yangu. Nisamehe ukiweza, usipoweza pia ni haki yako." Hakunishika. Ilikuwa mara ya kwanza mama kuniomba radhi bila kunishika, na mimi ndipo nilipomwamini.

Baba alimaliza mafunzo yote, hakukosa hata siku moja. Afisa alimuuliza mbele ya watu, "Mzee, mara ya mwisho kuzungumza na binti yako ilikuwa lini?" Baba akafikiri, akajibu, "Kuhusu nini?" Watu walicheka. Mama aliniambia baba hakuelewa kwa nini wanacheka.

Alichoma ule mpira. Alisema, "Serikali imesema tusipige, basi sipigi," na tangu siku hiyo hajamgusa mtu. Lakini kimya chake kilibaki, kikaongezeka. Nilirudi Ujiji nina miaka kumi na sita. Tuliishi nyumba moja kama wapangaji. Nikamwamkia, akaitikia. Kuna siku nilikaa nikatamani aniite, "Lala," ili tu nisikie ananiambia jambo. Najua ni ugonjwa kutamani hivyo. Nawaambia kwa sababu nimesema nitawaambia kweli.

Figo zangu hazikurudi zote. Daktari alisema zimebaki kama nusu. Nilipata presha nikiwa na miaka kumi na saba, na vidonge vyake nitameza mpaka nife. Niliolewa mapema, na mume wangu Ramadhani alijua kila kitu. Mimba ya kwanza iliharibika ikiwa na miezi saba. Presha ilipanda, nikapata kifafa cha mimba, nikazinduka wodini tumbo limeshatulia. Alikuwa mtoto wa kiume. Mama alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, mikono kwenye mapaja. Hakulia. Alisema polepole, kama anayesoma maandishi ukutani, "Na huyu pia nimempiga mimi."

Sikumwambia hapana. Nilitaka kusema, lakini haikuwa kweli.

Mama alifariki mwaka juzi, kwa homa ya ini. Aliishi miaka kumi bila kumpiga mtu, na hakujisamehe hata siku moja ya miaka hiyo.

Mimba ya pili nililazwa miezi miwili nikilindwa. Akazaliwa Salma, ana miaka minne. Mngependa niseme kwamba mimi sijawahi kumpiga. Nimempiga. Mara moja, mwaka jana. Alivuta kitambaa cha mteja, mkasi ukakichana, na mkono wangu ukaenda wenyewe. Nilimpiga kofi la uso. Na kabla hajaanza kulia, mimi nilishamvuta kifuani nabembeleza. Nilisikia sauti yangu ikisema, "Unanifanya nini, mwanangu?" Nikaganda. Nilimweka chini, nikatoka, nikakaa kwenye ngazi ya duka mpaka Ramadhani alipokuja. Nikamwambia, "Nimempiga Salma." Kesho yake nilikwenda kwa yule yule afisa ustawi. Amezeeka kidogo. Aliniambia, "Umekuja baada ya kofi moja. Mama yako alikuja baada ya figo." Ninaenda kwake kila mwezi. Sioni haya.

Baba nilimuuliza mara moja tu. Nilimpelekea chakula kule anakochongea, nikasimama mbele yake. "Baba, siku ile hospitali, kwa nini ulisema kweli?"

Alinitazama. "Daktari aliuliza," akasema. Kisha akaendelea na randa.

Sijui kama ndani ya maneno yale kulikuwa na upendo au hapakuwa. Nimeacha kuyachimba. Mama aliniomba radhi nikampa. Baba hajaomba, na nadhani hataomba. Lakini ninyi mnaoniona hapa nimekaa, nipo kwa sababu mtu ambaye hakujua kunipenda alikataa kudanganya.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Mama Furaha, aliyesema haingii kwenye mambo ya nyumba yetu na akaingia. Nawashukuru wauguzi wa huku na wa Mwanza. Namshukuru bibi, Mungu amrehemu.

Sasa nasaha zangu, nisiwachoshe. Mtoto aliyepigwa sana, au aliyeangukiwa na ukuta, au aliyegongwa, tazameni mkojo wake. Ukiwa wa rangi ya chai au kahawa, au ukipungua, usimkande, usimpe dawa za maumivu za dukani, usingoje uvimbe upungue. Mpeleke siku hiyo hiyo. Na wewe unayepiga kwa utaratibu, na wewe unayepiga kwa hasira ukalia, msipimane. Mimi niliwapima wazazi wangu wawili utoto wangu wote, na mwili wangu haukuona tofauti.

Na ukimpeleka mtoto uliyemuumiza mwenyewe, usimfundishe njiani cha kusema. Sema wewe. Yeye hatakusema. Atakuficha, kwa sababu wewe ni mama yake, wewe ni baba yake, na hana mwingine. Mimi nilikuwa na pumzi chache zimebaki, nikamtolea mama yangu mbili za kumfichia. Msimwachie mtoto kazi hiyo.

Asanteni kwa kunisikiliza. Mwenye swali na aniulize, sitachukia.